Alikuwa Ameshika Nini

Angekuwa hai, makala hii isingetoka kabla sijamsomea. Ningebeba karatasi zangu, nikapita dukani kwa kaka yake katikati ya majora ya vitambaa vya mapazia, nikafika kwenye kile chumba cha uani, nikakaa kwenye kigoda chake kibovu na kusoma kwa sauti kuanzia neno la kwanza. Yeye angekuwa amefumba macho, chai ya tangawizi inapoa pembeni, na kila ambapo ningemsifu angeinua kidole. "Toa hiyo." Mwisho ningebaki na nusu ukurasa. Sasa hayupo, na nusu ukurasa hainitoshi, kwa hiyo nitasema ninavyotaka, na kama ananuna huko aliko basi anune. Nimemsomea mtu mwingine mmoja mwenye haki nayo. Huyo nitamtaja mbele.

Kibiti nzima tulimwita Mhariri. Hata watoto waliotumwa dukani kununua uzi walimwamkia hivyo, "Shikamoo Mhariri," bila kujua alihariri nini. Alikuwa amesimamia ukurasa wa makala wa gazeti moja la Dar es Salaam kwa miaka mingi, na alipostaafu alirudi kuishi nyuma ya duka la kaka yake, kwenye chumba chenye kitanda, redio na magazeti yaliyopangwa mpaka dirishani. Wenyeji walimwona Mhindi wa dukani ambaye hauzi kitu. Alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha duka asubuhi nzima, anasikiliza wateja wakibishania bei, anacheka peke yake. Kaka yake alilalamika kwamba anawafukuza wateja kwa kuwatazama sana.

Mimi wakati huo nilikuwa mwandishi wa habari wa wilaya, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai na kumngoja mgeni rasmi. Habari zangu zote zilianza namna moja: wananchi wametakiwa. Wametakiwa kutunza mikoko, wametakiwa kupeleka watoto shule, wametakiwa kuhama mabondeni. Siku ya kwanza nilimpelekea gazeti lenye jina langu, nikitegemea kupongezwa. Alisoma, akageuza ukurasa kana kwamba habari inaendelea nyuma, akauliza, "Na wao walitaka nini?"

Nikamwambia hakuna aliyewauliza.

"Basi hujaandika kitu, mwanangu. Umemfikishia mkubwa salamu zake."

Niliondoka nimekasirika. Nikarudi baada ya siku chache nikiwa bado nimekasirika, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuandika makala.

Hakuwa na darasa wala ratiba. Tulianza vijana kadhaa wa Kibiti, wengine wa redio, wengine walimu waliotaka jina gazetini, na wote walichoka mmoja mmoja wakaenda kwenye kazi za kueleweka. Nilibaki mimi, kwa ukaidi tu. Alinieleza tofauti ya habari na makala mara moja na hakurudia tena. Habari, alisema, ni kusema nyumba imeungua. Makala ni kurudi moshi ukishakwisha, ukamkute mwenye nyumba anatafuta nini kwenye majivu. Mengine yote nilijifunza kwa kutukanwa.

Swali lake lilikuwa moja. Ukirudi kutoka kwa mtu, umechoka, vumbi mpaka masikioni, umejaza kurasa za maneno aliyosema, Mhariri hakuuliza amesema nini. Aliuliza, "Alikuwa ameshika nini?"

Mara ya kwanza ilikuwa makala ya Nyamisati. Nilikuwa nimezungumza asubuhi nzima na mzee mmoja anayepakia boriti za mikoko kwenye majahazi ya Mafia, mzee mcheshi, ameniambia kila kitu kuhusu miti, vibali na kamba wanavyopungua. Mhariri akaniuliza alikuwa ameshika nini. Nikasema sikumbuki. Akasema, "Rudi." Nikasema Nyamisati ni mbali na barabara ni mbovu. Akafungua redio kwa sauti ya juu, mpira, akanipa mgongo. Nikarudi kwa bodaboda nikimlaani njia nzima. Kule nikamkuta mzee wangu anacheka vilevile, na safari hii nikamtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Ulikaa mfukoni alipokunywa chai, ulikaa mfukoni alipoagana nami. Nilipomuuliza akautoa. Boriti ilikuwa imeusaga vidole miaka hiyo ya nyuma, na bado alikuwa anaona haya. Asubuhi nzima nilikuwa nimekaa na mtu huyo na sikuona. Makala ile ndiyo ya kwanza ambayo Mhariri aliisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kidole, ila alinung'unika kwamba nimeandika neno "mandhari" mara nyingi.

Alikuwa na mambo ya kushangaza. Alinikataza kutumia sifa, hakuna "mrembo", hakuna "wa kusikitisha", hakuna "lukuki", lakini ungemsikia anavyoueleza mchuzi wa shemeji yake: mchuzi mwepesi, mkavu wa roho, wa kimasikini, usio na nazi wala huruma. Alisema mwandishi hana haraka, naye akiletewa chai ikiwa imechelewa kidogo anasusa. Alinifundisha kwamba watu wote wanastahili kusikilizwa, na alikuwa hamsikilizi kaka yake hata kidogo. Wale wazee wawili walikuwa wakitumiana maneno kupitia kwa msichana wa dukani huku wamekaa hatua mbili tu. Alikuwa mbea. Alijua nani kaachika Kibiti kabla ya aliyeachika hajajua. Ukimwambia hivyo anasema huo si umbea, ni kazi ya maisha yake imebaki bila gazeti.

Alipenda korosho zilizoungua, zile ambazo wauzaji wa stendi huzitenga. Walikuwa wakimwekea. Alikuwa akizitafuna polepole huku nasoma, na nilizoea kumpima kwa meno yake: akiendelea kutafuna, nimemchosha, akiacha, kuna kitu.

Lakini kilichomfanya awe Mhariri na si mzee mwingine wa uani ilikuwa kanuni yake ya kusoma. Makala haiendi gazetini mpaka umsomee mwenyewe. Si mhariri wa Dar, si mkuu wa idara. Yule uliyemwandika. Unarudi kwake, unakaa kwenye mkeka wake, unamsomea yote, pamoja na pale uliposema nyumba yake inavuja na mtoto wake anakohoa, na yeye ana haki ya kusema toa, ongeza, au acha kabisa. Ukibadilisha, unarudi tena kusoma. Nilipokwenda kusomea uandishi Dar baadaye, waandishi wenzangu walinicheka. Walisema hiyo haipo popote, na kwamba mwandishi akimsomea kila mtu atakuwa mtumishi wa watu. Nilimpelekea Mhariri maneno hayo. Akasema, "Ndiyo kazi yenyewe."

Mara nyingi ilikuwa raha. Mama mmoja wa Mtawanya, nilipomaliza kumsomea habari za shamba lake la mihogo na nguruwe wanaokuja kufukua, aliniuliza kwa uchungu wa kweli kwa nini sikumtaja mbwa, wakati ndiye anayefanya kazi yote. Mbwa akaingia. Mhariri alipenda sana habari ile ya mbwa. Aliwasimulia wateja wa duka mpaka kaka yake akatoka kumwomba anyamaze.

Mara moja haikuwa raha. Pia ilikuwa Mtawanya, kwa mzee wa mikorosho. Ilikuwa makala bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilijua hivyo kwenye mikono kabla sijaimaliza. Tulikwenda wote wawili kuisoma. Mzee alisikiliza amekaa kwenye gunia, na nilipofika mwisho akasema, "Ni kweli yote. Hujaongeza kitu. Lakini mwanangu, isitoke. Wanangu hawajui." Nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia tutabadilisha jina, tutabadilisha kijiji. Mhariri akaninyang'anya karatasi, akazikunja vizuri, akampa mzee. "Ni yako," akamwambia. Mzee akaziweka kwenye mfuko wa kanzu. Nililia njia nzima kurudi Kibiti, naye alikaa kando yangu anatafuna korosho zake. Yaliyokuwa kwenye karatasi zile hata hapa sitayasema.

Siku ile, kwa hasira, nilimuuliza kanuni hii ya kishenzi aliitoa wapi. Akaacha kutafuna. "Mohoro," akasema, na hakusema zaidi.

Mohoro nilikuwa naifahamu kwa sababu nyingine. Tulizunguka pamoja karibu kila mahali: Nyamisati, Mtawanya, ndani huko kwenye visiwa vya delta ambako wakulima wa mpunga hukaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakiamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, msimu mzima. Pamoja na umri wake alipanda bodaboda, alipanda mitumbwi. Ila safari ikiwa ya Mohoro, alikuwa na mafua. Au mgongo. Au mpira. "Nenda wewe," alikuwa akisema, na nikirudi aliniuliza mambo ya ajabu: barabara ya kwenda mtoni ikoje siku hizi, wale waliokuwa wakikaa karibu na maji wamehamia wapi. Nilidhani ana deni la mapenzi huko. Nilimtania mara kadhaa, na alicheka bila kunitazama.

Kisha akapata kiharusi. Kilimchukua upande mmoja, mkono na nusu ya mdomo, na kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa maneno, ilikuwa adhabu ambayo sikuielewa na siielewi mpaka leo. Aliongea kwa vipande. Shemeji yake, yule wa mchuzi usio na huruma, alikuwa akimlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu, na Mhariri hakumtania tena. Kaka yake alihamisha kiti chake kutoka dukani akakaa naye chumbani, wakaanza kuongea moja kwa moja, sasa ambapo mmoja hakuweza. Nilikuwa nikienda alasiri. Siku moja alinishika kiganja kwa mkono wake mzima akasema, "An-dika. Ya Mo-horo." Ilituchukua alasiri nyingi. Nitaieleza kwa maneno yangu, maana yake yalikuwa yanatoka kwa shida.

Mwaka mmoja mto ulipofurika vibaya, gazeti lake lilimtuma Mohoro. Alikuwa bado kijana kiasi, na hodari, na alijua kuwa ni hodari. Alikaa mchana mmoja. Akamkuta mwanamke ambaye mumewe alikuwa amevuka na mtumbwi kwenda kuokoa magunia ya mpunga kwenye dungu lao, na hajaonekana. Wanaume walikuwa wamemtafuta, hawakupata mtu wala mtumbwi. Mwanamke alikuwa bado anampakulia. Kila mlo alikuwa akitenga sahani ya mumewe na kuifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili, na kuiweka pembeni. Mhariri aliiona ile sahani, na ndiyo iliyomfanya aandike. Alirudi Dar jioni hiyohiyo, akaandika usiku kucha, na ndani ya makala akamwita yule mwanamke mjane, na ile sahani akaiita chakula cha marehemu. Hakufikiri. Ilisikika vizuri. Makala ilisifiwa mjini kote, na walimu wa uandishi waliisoma darasani.

Gazeti likafika Mohoro. Huko ndugu wa mume walikuwa wanabishana: wengine wanasema kaka yao kafa, wengine wanasema tungoje, huenda maji yamemtupa mbali, na mke amekataa kabisa kukaa eda. Basi mtu akasoma gazeti kwa sauti barazani. Mjane. Marehemu. Ubishi ukaisha. Wakasema watu wa gazeti hawaandiki jambo wasilolijua. Wakamsalia swala ya ghaibu, ile anayosaliwa maiti asiyekuwepo, wakasoma hitima, mwanamke akawekwa ndani eda, na mashamba yakagawanywa kwa ndugu. Yote hayo Mhariri hakuyajua.

Aliyajua mwanamke yule alipotoka eda. Alipanda basi, akaja Dar, akaulizia mpaka akafika kwenye jengo la gazeti. Mhariri alikuwa anashuka ngazi akasikia mtu wa mapokezi anaongea na mgeni wa shamba, akachungulia, akamtambua.

Hapo nilimkatiza. Nilimuuliza, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha, "Alikuwa ameshika nini?"

Mdomo wake ulitetemeka muda mrefu. "Nda-la," alisema. "Ndala za-ke."

Alikuwa amezivua mlangoni kwa sababu sakafu ya vigae ilikuwa safi. Mkono mmoja ndala, mkono mwingine ule ukurasa wa gazeti umekunjwa. Na alikuwa akimwambia wa mapokezi kwa adabu, baada ya kumsimulia yote yaliyompata, kwamba anamtafuta bwana aliyeandika hapa, hana ugomvi naye, anataka tu kumuuliza alimwona mume wake wapi. Kama alimwona ameshafukiwa, ni wapi, akasome dua. Alikuwa anaamini kuwa mwandishi ameona. Asingeona, angeandikaje?

Mhariri alirudi juu taratibu. Akapiga simu chini kutoka mezani kwake akasema mgeni aambiwe kuwa mwandishi amesafiri.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kudai kila mwandishi wake arudi kusoma. Alifanya hivyo mpaka anastaafu, akachukiwa kwa hilo, na alipokuja Kibiti akanifanyia mimi. Alimrudisha kila mtu, na mwenyewe hakurudi. Nilimpenda sana yule mzee, na alasiri ile sikuweza kumtazama.

Niliandika. Nikamsomea pale chumbani, kaka yake akiwepo, na kaka mtu akatoka nje kabla sijamaliza. Mhariri hakuinua kidole hata mara moja. Nilipokunja karatasi akasema, "Mwe-nyewe si mi-mi."

Nilitangulia Mohoro peke yangu kuuliza. Sikuwa na hakika kama yule mwanamke atakuwa hai, lakini alikuwepo, amehamia juu mbali na mto pamoja na wengine, bibi mwembamba mwenye macho makali ambaye wajukuu wa ndugu zake wanamwita Bibi naye hakuzaa. Nikamweleza nimetumwa na nani. Akasema, "Yuko hai? Mlete. Nimemngoja sana." Nilidhani ni hasira, na nilimwambia Mhariri hivyohivyo, ajiandae. Akaitikia kwa kichwa. Akamwomba shemeji yake amnyoe.

Kaka yake alitupa gari la duka na dereva. Tulipovuka daraja la Rufiji, Mhariri aliyatazama maji mpaka yakaisha. Mohoro tukamkuta Bibi uani kwake, ungo mapajani, anapepeta mchele. Aliuweka chini, akatukaribisha, akatandika mkeka, akaleta kiti kwa ajili ya mgonjwa na kumsaidia kukaa. Alimwangalia vizuri.

"Umezeeka, bwana," akamwambia.

"Na we-we," akajibu Mhariri, na Bibi akacheka kidogo. Nikadhani labda itakuwa rahisi.

Nilisoma. Mto, mtumbwi, sahani chini ya kawa. Bibi alikuwa akiitikia, ee, ee, ndivyo. Nilipofika kwenye swala ya ghaibu alifumba macho. Nilipofika kwenye ngazi akasema, "Ngoja. Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo ulikuwepo juu," akamwambia Mhariri. "Waliniambia umesafiri. Mie nikasema mtu wa kazi huyu, kasafiri kweli. Nikarudi kwetu nikingoja utakapopita."

Mhariri alikuwa anatokwa na machozi kwenye jicho moja, lile la upande mzima.

"Haya, hayo yamepita," Bibi akasema. "Siku ile sikuja kugombana, na leo sigombani. Swali langu ni lilelile. Ulimwona wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu, maana jibu lilikuwa kwenye karatasi, ukurasa wa mwisho. Bibi akanizuia kwa mkono. Alitaka litoke kwa Mhariri.

"Si-ku-mwona."

"Hata nguo?"

"Hapana."

"Hata mtumbwi, kipande?"

"Si-kuona ki-tu, Mama. Nili-andika tu."

Kuku walikuja kwenye mchele, Bibi hakuwafukuza. Aliposema tena hakuwa anamsemesha yeyote kati yetu.

"Walipomsalia mie nilinyamaza, kwa kuwa nilisema gazeti haliwezi kusema hivihivi. Yupo aliyemwona. Nikaacha hata kumpakulia. Nikasema huyo aliyemwona labda kamfunika, labda kamsomea Yasini, mtu wa mjini lakini Mwislamu, hawezi kumpita hivihivi. Miaka yote hii nikilala najiambia, hakuwa peke yake. Yule bwana wa gazeti alikuwa naye." Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Kumbe hapakuwa na mtu."

Nimeandika makala nyingi na sijawahi kuchukia karatasi kama nilivyozichukia zile. Tulikuwa tumekuja kuleta ukweli, Mhariri na mimi, tukijiona wema, na ukweli wetu ulikuwa umemchukua yule bibi kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Nilitaka kusema tumekosea, kwamba mtu alimwona, yeyote, mahali popote. Mhariri alinitazama akajua ninachowaza. Akatikisa kichwa.

Nikauliza, kama kanuni inavyotaka, angependa tutoe nini. Bibi alifikiri. "Msitoe. Itoke," akasema. "Waliosoma ile ya kwanza wasome na hii. Wajue hakuna aliyemwona."

Ilitoka, kama alivyosema, na walioisoma wameisoma. Haya yanayofuata hayakuwemo. Ndiyo niliyoyarudisha kwa Bibi kumsomea baada ya mazishi ya Mhariri, naye akaniruhusu.

Hakutuacha tuondoke bila kula. Tulimwambia tumechelewa, akasema mgeni haondoki na njaa kwake kwa sababu ya maneno. Alipika wali na samaki wa mto kwa nazi, akakataa nisimsaidie. Akapakua. Sahani ya dereva nikampelekea garini. Sahani yangu. Sahani ya Mhariri, ambayo Bibi mwenyewe aliitoa miba kwanza na kuniwekea kijiko nimlishe. Yake. Kisha akainama tena kwenye sufuria akapakua nyingine, imejaa, akaweka kipande cha samaki chenye nyama nyingi juu. Akatafuta cha kufunikia. Makawa hayakuwepo tena pale nyumbani. Akauokota ungo wake, akaukung'uta, akaifunika ile sahani na kuiweka pembeni ya mlango.

Akarudi kwenye mkeka. "Haya, bismillahi," akasema, na akaanza kula.

Mhariri alikuwa ameacha kutafuna, na wali ulikuwa unamdondoka kidevuni, nikamfuta.

Jioni tukarudi, tukavuka daraja. Kisha Mhariri akanigusa goti kwa mkono wake mzima. Ilimchukua muda kuyakusanya maneno.

"Ali-kuwa ame-shika nini?"

Aliona mwenyewe. Alitaka kujua kama nimeona.

"Ungo," nikasema.

Kidole chake kikainuka. Nilikifahamu kile kidole kuliko mtu yeyote aliyebaki, na safari hii hakikumaanisha toa.

"Na chini ya ungo, sahani," nikasema. "Ya moto."

Akashusha kidole, akageukia dirishani.